Bado Wanapika

NASRA: Haloo? Nani mwenzangu?

LATIFA: Mimi. Latifa, wa Ujerumani. Unanisikia?

NASRA: Nakusikia. Shikamoo dada.

LATIFA: Marahaba mdogo wangu. Habari za Mtae?

NASRA: Nzuri tu.

LATIFA: Mama yangu hajambo?

NASRA: Mama mkubwa hajambo. Anakohoa kidogo na ukungu huu, lakini jana alikwenda shamba.

LATIFA: Mwambie avae lile sweta. Mbona kama unaongea ndani ya pipa?

NASRA: Upepo. Nyumbani mtandao haushiki siku hizi, inabidi kupanda huku kwenye jiwe, juu ya barabara.

LATIFA: Uko peke yako?

NASRA: Niko peke yangu. Wenzangu wako uani kwetu, wananisubiri.

LATIFA: Wenzako gani?

NASRA: Wa kikundi. Wote, na mkubwa wetu Bi Mwanaisha.

LATIFA: Asubuhi hii? Nani yuko shamba basi?

NASRA: Hakuna aliyekwenda. Kuna gari limekuja.

(Honi inapigwa mbali.)

LATIFA: Ndiyo hilo?

NASRA: Ndiyo hilo. La kaka Athumani, yule wa Mombo anayechukua nyanya.

LATIFA: Na nyanya zake zinawahusu nini wasuka vikapu?

NASRA: Anataka vikapu. Vile tulivyosuka masika hii, vya mzigo wako wa pili. Anasema avitumie kubebea nyanya mpaka Dar.

LATIFA: Nyanya? Vikapu vya ukindu, vyenye rangi, vyenye kifuniko—

NASRA: Vifuniko anasema atang'oa.

(Mtandao unakwaruza.)

LATIFA: —sikusikia. Umesema atafanya nini?

NASRA: Atang'oa vifuniko, dada. Bei yake ni ya kutupa, lakini anatoa leo, mkononi. Wenzangu wanataka kumpa. Wamesema nikuulize kwanza jambo moja, halafu nikishuka wanaamua.

LATIFA: Uliza.

NASRA: Vikapu vya kwanza viko wapi?

LATIFA: Nasra. Hilo nilishakujibu kabla ya mfungo.

NASRA: Najua. Nimetumwa.

LATIFA: Vimenunuliwa. Viko kwa wateja.

NASRA: Na wateja hawajalipa.

LATIFA: Bado.

NASRA: Hicho ndicho hawakielewi. Mimi pia nikirudia kuwaambia, naona kama nasema kitu cha ajabu. Mtu ana kikapu nyumbani kwake, na hajalipa, na hakukopa.

LATIFA: Ndivyo wanavyonunua huku. Ngoja nikwambie vizuri, uwaambie. Huku mtu anaingia kwenye kompyuta, anaona kitu, anakitaka. Anaandika jina na mahali anapokaa. Basi. Wanamletea mlangoni. Ndani ya boksi wameweka ankara. Anafungua, anatazama, anajaribu, anakaa nacho. Akiridhika, anakwenda benki analipa.

NASRA: Na asiporidhika?

LATIFA: Anarudisha.

NASRA: Na asiporidhika na asirudishe?

LATIFA: Anaandikiwa barua.

NASRA: Barua tu?

LATIFA: Hujaona barua za huku.

NASRA: Bi Mwanaisha ataniambia, mwandikie Athumani barua tuone.

LATIFA: Nasra, sikiliza. Huyu bibi mzee wa huku ninayemtunza, kila mwezi ananunua viatu. Anaagiza jozi tatu, kiatu kile kile, saizi tatu. Vinakuja. Anavaa kimoja, anatembea ndani kwenye zulia, anavua, anavaa kingine. Halafu anarudisha jozi mbili, analipa moja. Mara nyingine anarudisha zote tatu.

NASRA: Na dukani hawamfuati?

LATIFA: Wamfuatie nini? Wanamshukuru. Wanamtumia kitabu kingine cha viatu.

NASRA: (anacheka kidogo) Na zile kadi za benki ulizosema wanazo?

LATIFA: Wanazo, lakini kuandika namba ya kadi kwenye kompyuta wanaogopa. Wanasema wataibiwa. Wengine wanaliruhusu duka lichukue lenyewe benki, lakini hilo ni duka wanalolijua. Duka wasilolijua, wanataka kwanza mzigo, ndipo hela.

NASRA: Wote wako hivyo?

LATIFA: Si wote. Wengi.

NASRA: Na duka lako la kwenye kompyuta hawalijui.

LATIFA: Nani alijue? Ni mimi na picha zangu.

(Honi tena, ndefu zaidi.)

NASRA: Amechoka kusubiri. Anasema ukungu ukishuka hashuki na zile kona.

LATIFA: Mwache asubiri. Alianza lini kuogopa kona?

NASRA: Dada, nikwambie wanavyosema?

LATIFA: Sema.

NASRA: Bi Mwanaisha anasema Mzungu anayekataa kulipa hajamwona, ila mtu aliyekula hela za wenzake amewaona wengi. Amesema mbele ya wote. Halafu akanigeukia mimi, akasema, huyu ndiye aliyetuletea dada yake.

LATIFA: Na wewe ulisemaje?

NASRA: Mimi sijui kusema mbele ya watu. Unanijua. Nilitazama chini.

LATIFA: Hukunitetea.

NASRA: Mwanzoni nilikutetea. Nilisema nakujua, tulilala kitanda kimoja kwa bibi, wewe si mtu wa hivyo. Ndiyo wakakupa mzigo wa kwanza. Sasa nitawaambia nini tena, nakujua mara mbili? Vikienda kwenye nyanya leo, kikundi kimekwisha. Hawatasuka tena na mimi. Bi Mwanaisha ameshasema nirudi kwa mama nikapalilie viazi.

LATIFA: Hilo la viazi alisema vibaya.

NASRA: Dada, sema tena kwamba vikapu viko kwa wateja. Sema kwa Kishambaa.

LATIFA: Kwa nini Kishambaa?

NASRA: Sema tu.

LATIFA: Kishambaa changu kimechakaa, Nasra. Huku naongea Kijerumani kutwa, nikifika kwangu naongea na redio.

NASRA: Mama mkubwa ukimpigia unaongea naye Kishambaa.

LATIFA: Mama ni mama. Mbona unanihoji kama polisi? Nimekupigia kwa kadi ya simu ya kununua, inakwisha hii.

NASRA: Hujawahi kunidanganya kwa Kishambaa. Ndiyo maana.

(Mtandao unakwaruza.)

LATIFA: Hukuwa hivi. Nani amekufundisha maneno haya?

NASRA: Hakuna. Basi niache hilo. Nikuulize lingine dogo, nikishuka niwe na cha kuwaambia.

LATIFA: Haya.

NASRA: Wale waliopokea vikapu, walivifungua vifuniko?

LATIFA: Walifungua. Mtu apokee kikapu asifungue?

NASRA: Maana tulivifunga kamba, na hatukuvitoa vitupu. Si unajua kwetu hatumpi mtu chombo kitupu. Kila mmoja alitia kitu kidogo ndani ya kikapu chake, ndipo akafunga.

LATIFA: Ah. Ndiyo. Hilo lilinifurahisha sana, hata sikukwambia.

NASRA: Na wateja?

LATIFA: Walifurahi mno. Huku hawajazoea kupewa kitu cha bure.

NASRA: Maharage waliyapika?

LATIFA: Waliyapika. Mmoja aliniandikia kabisa, akasema maharage ya milimani yana utamu wake.

NASRA: (kimya)

LATIFA: Nasra? Haloo?

NASRA: Nipo.

LATIFA: Nilidhani imekata.

NASRA: Haikukata. Dada, hatukutia maharage.

(Upepo.)

NASRA: Tulitia mdalasini. Kipande kimoja kila kikapu, tumekizungushia kitambaa. Bi Mwanaisha ndiye aliyemenya yale magome, akayakausha juu ya bati.

LATIFA: Mdalasini.

NASRA: Eeh.

LATIFA: Ndiyo maana.

NASRA: Ndiyo maana nini?

LATIFA: Chumba changu kinanukia tangu mzigo ulipofika. Nilidhani ni jirani wa chini anaoka keki. Nilishuka nikamgongea kumwuliza, akanishangaa, akasema yeye hana hata oveni. Nikadhani basi ni kichwa changu, nimekumbuka nyumbani mpaka nanusa vitu.

NASRA: Chumba chako. Kwa hiyo viko chumbani kwako.

LATIFA: Viko.

NASRA: Vyote?

LATIFA: Vyote. Nimelala katikati ya maboksi kama mlinzi wa ghala. Nilifungua boksi moja, nikatoa vitatu vya juu, nikavipiga picha kwa nje. Kamba sikuzigusa. Zilikuwa zimefungwa vizuri, nikaona nikifungua sitaweza kufunga vile.

NASRA: Na zile habari za wateja?

LATIFA: Habari za viatu ni kweli. Za vikapu nilizitunga.

(Honi. Sauti ya mtu akiita kwa mbali.)

NASRA: Afadhali ungekuwa umekula hela.

LATIFA: Nasra.

NASRA: Mtu aliyekula hela ningejua cha kuwaambia. Huyu wa kulala navyo chumbani na kutudanganya, nitamwelezaje?

LATIFA: Usilie kwenye simu.

NASRA: Silii. Ni baridi.

LATIFA: Sasa nisikilize na mimi. Siku naondoka, pale uani kwenu, nani alinishika mkono? Nani aliniapisha? Bi Mwanaisha aliniambia, Latifa, kikapu kisitoke mkononi mwako kabla hela haijaingia mkononi mwako. Akarudia mara mbili. Wote mkaitikia. Na wewe ulikuwepo.

NASRA: Nilikuwepo.

LATIFA: Uliitikia?

NASRA: Niliitikia.

LATIFA: Basi nilifanya hivyo. Nilifungua hilo duka la kwenye kompyuta, nikaandika chini ya kila picha, lipa kwanza benki, mzigo utatumwa. Watu wanakuja, wanatazama. Naona kabisa wametazama. Wakifika hapo kwenye kulipa, wanaondoka. Mmoja akaniandikia, je, naweza kupokea kwanza? Nikamjibu hapana, kwa adabu. Mwingine akaniuliza kama mimi ni mtu kweli au jina tu.

NASRA: Wanakuona tapeli.

LATIFA: Huku anayetaka hela kabla ya mzigo, watu wanamkimbia. Huko anayetaka mzigo kabla ya hela, mnamfungia mlango. Mimi nimekuwa tapeli kwenu na kwao, na sijamwuzia mtu hata kifuniko.

NASRA: (anacheka, anajizuia) Ungesema tu.

LATIFA: Ningesema nini? Mliponipigia mara ya kwanza, sauti ya Bi Mwanaisha ilikuwa na furaha kiasi kwamba nikasema vimeanza kuondoka. Mara ya pili nikasema vimekwisha. Halafu mkaanza kusuka vingine.

NASRA: Masika nzima. Ukindu tulikwenda kuukata bondeni, tunapanda nao mgongoni.

LATIFA: Usinieleze. Najua bonde lile.

(Mtandao unakwaruza.)

NASRA: —hawa wanaotaka kupokea kwanza, wanakaa navyo muda gani?

LATIFA: Wiki mbili, tatu. Mtu anakizoea. Anakiweka hapa, anakihamishia pale, anawaonyesha wageni.

NASRA: Halafu analipa, au anarudisha.

LATIFA: Halafu analipa au anarudisha. Ndiyo.

NASRA: Kama vyungu vya bibi.

LATIFA: Vyungu gani?

NASRA: Vya bibi, dada. Umesahau? Siku ya gulio mtu anachagua chungu, anakigonga gonga, anasikiliza. Bibi anamwambia, kapikie kwanza. Kikivuja nirudishie. Kisipovuja, gulio lijalo niletee hela yangu.

LATIFA: Nilikuwa nambebea kimoja kichwani na kimoja kwapani.

NASRA: Babu alikuwa akimwuliza jioni, vyungu viko wapi, na hela iko wapi—

LATIFA: Bado wanapika.

NASRA: Bado wanapika. Kila siku jibu hilo hilo. Babu anakwenda kulala amenuna.

LATIFA: Lakini bibi aliwajua watu wake, Nasra. Ni wa hapo hapo Mtae.

NASRA: Wa Mnazi hakuwajua. Walikuwa wanapanda kutoka kule chini kwenye joto, anamwona mtu mara ya kwanza, anampa. Jina hamwulizi.

LATIFA: Na wengine hawakurudi.

NASRA: Wachache hawakurudi. Nilimwuliza siku moja, huyu hakurudi bibi, tumfuate? Akasema labda bado anapika.

LATIFA: (anacheka) Mwanamke yule.

NASRA: Alisema chungu hakiwezi kujieleza kikiwa sokoni. Mtu atakijua kwenye moto.

LATIFA: Kikapu hakiendi motoni.

NASRA: Kinakwenda nyumbani. Mtu akifungua kamba yetu, akute mdalasini, anuse... Mtu wa namna hiyo ya viatu. Atakirudisha?

LATIFA: (kitu kinaburutwa sakafuni)

NASRA: Upo?

LATIFA: Nimevuta boksi. Nafungua kamba ya kimoja.

(Mchakacho wa karatasi.)

NASRA: Cha nani? Kuna uzi pembeni, kila mtu ana rangi yake.

LATIFA: Uzi wa bluu.

NASRA: Ni changu.

LATIFA: Kitambaa hiki ni kile kitenge cha bibi.

NASRA: Kilikuwa kimebaki kipande. Nilikikata.

LATIFA: Hiki simpi mtu. Hiki nakinunua mimi.

NASRA: Lipa ukiridhika.

LATIFA: (anacheka, anapenga kamasi) Mjinga wewe. Yule aliyetaka kupokea kwanza, ameniandikia tena juzi. Bado anakitaka kimoja.

NASRA: Mpelekee.

LATIFA: Bila hela?

NASRA: Bila hela. Na yule aliyeuliza kama wewe ni mtu, naye mpelekee. Ule mstari wa lipa kwanza ufute.

LATIFA: Na kiapo?

NASRA: Kiapo tulikupa sisi. Nitakwenda kuwaambia tukufungue.

LATIFA: Utawaambia yote? Hata kwamba nilidanganya?

NASRA: Yote. Ukidanganya tena, Athumani achukue na mzigo wa tatu.

LATIFA: Nasra, wewe huwezi kusema mbele ya watu.

NASRA: Siwezi.

(Mlio wa kadi ya simu inayokaribia kwisha.)

LATIFA: Kadi hiyo, inanionya. Utamwambiaje Bi Mwanaisha? Atakutafuna mzima. Atasema kutoa mali kwa mtu usiyemjua ni wazimu, na mimi sitakuwepo—

NASRA: Bi Mwanaisha ni wa Mnazi, dada. Aliolewa huku.

LATIFA: Najua aliolewa. Sasa?

NASRA: Kile chungu chake kikubwa cha maharage, chenye meno meno shingoni, ulishakitazama vizuri?

LATIFA: Chenye meno... Ni mkono wa bibi ule.

NASRA: Ni mkono wa bibi.

LATIFA: Alilipa?

NASRA: Bibi amekufa anamsubiri.

(Mlio wa kadi tena. Injini ya gari inawashwa.)

LATIFA: Nini hicho kinanguruma?

NASRA: Gari. Linatoka uani kwetu, limekuja mpaka hapa chini ya jiwe. Wanaona nimechelewa. Nyuma— dada, wameshapakia vikapu.

LATIFA: Shuka. Nasra, shuka upesi. Nitampelekea yule kesho asubuhi, Wallahi, na nitapiga—

NASRA: Sema kwa Kishambaa.

(Latifa anasema maneno machache kwa Kishambaa. Sauti inakwaruza, lakini inafika.)

NASRA: Haya. Nimesikia.

LATIFA: Msalimie mama. Mwambie sweta—

NASRA: Kaka Athumani. Kaka Athumani, zima gari. Zima kwanza. Bi Mwanaisha, na wewe shuka hapo mbele, nina jambo la chungu nataka kusema mbele ya wote.

LATIFA: Nas—

(Kadi imekwisha.)